Barafu Iliyovishwa Gunia

Jumatatu, 1 Oktoba 1973

Mtoni kabla ya kengele, kama kila siku. Ndoo moja kwa wasichana wawili. Harjit anaibeba hadi kwenye mwerezi, mimi kutoka hapo hadi bwenini. Sakitu ilikuwa bado nyeupe kwenye majani. Vidole vimekufa ganzi hadi somo la pili.

Mfereji wa jikoni ulitoa uzi mmoja wa maji ya rangi ya chai, ukakohoa, basi. Mzee Juma mpishi aliupiga kwa mwiko. "Hata ng'ombe wangu mzee hutoa zaidi ya hivi," alisema.

Afisa wa elimu alikuja Ijumaa. Amesema wasichana hawawezi kuendelea kunywa maji ya mto. Maji yasiporudi kwenye mifereji kabla mwezi haujaisha, shule itafungwa na sisi tutagawanywa. Wenzangu wameanza kutaja shule wanazozitaka. Nakuru. Eldoret. Wanacheka kama watu wanaochagua kitambaa cha gauni.

Mimi sina pa kutaja. Niko hapa kwa sababu Baba ni fundi wa mabomba wa shule na tunakaa katika nyumba ya shule, ingawa mimi hulala bwenini na wenzangu. Ikifungwa, Baba hana kazi, nasi sote tunarudi Bungoma kwa Kukhu, mama yake. Huko hakuna sekondari ya wasichana ninayoweza kuifikia kwa miguu. Niko kidato cha tatu. Nataka kumaliza. Nimeandika hapa ili nisiseme mbele ya watu.

Jumatano, 3 Oktoba

Baada ya masomo nilipita nyumbani. Baba alikuwa amefungua bomba pale linapoingia kwenye tangi, akakata kipande ili Mwalimu Mkuu aone kwa macho yake. Nje ni bomba pana, mkono wangu ungeingia. Ndani kuna tope la kutu limegandamana pande zote, jekundu, laini, linateleza kama ini. Katikati limebaki tundu la kupitisha kidole gumba tu.

Na bomba lote liko hivyo, amesema. Kutoka chemchemi kule msituni, likipita chini ya shamba la ngano la Bwana Gitau, hadi hapa.

Mwaka jana Baba alijaribu kulisafisha kwa mpira wa katani na raba ya gurudumu. Aliuingiza juu usukumwe na maji. Ulikwama chini ya ngano. Wakachimba hapa, wakachimba pale, wakakanyaga shamba kabla ya kuupata. Bwana Gitau alisimama ukingoni na kofia mkononi, kama mtu aliye mazikoni. Sasa ameweka mlinzi. Hakuna jembe litakaloingia mle mpaka mashine ya kuvuna ipite, na ngano haitavunwa kabla ya Desemba.

Kwa hiyo Baba hawezi kutumia kitu chochote kinachoweza kukwama. Na kila kitu kinaweza kukwama.

Mama anaosha sukuma kwa maji, kisha anapiga deki kwa maji hayohayo. Halalamiki. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Ijumaa, 5 Oktoba

Fizikia. Mwalimu Njoroge alifundisha kuyeyuka na kuganda. Ametoka chuo kikuu juzijuzi na huandika ubaoni haraka kama anayekimbizwa. Harjit aliinua mkono. Baba yake ana kiwanda cha barafu Nakuru, karibu na stesheni, na wenye bucha na wenye baa hununua kwake. Alisema pande la barafu likikwama kwenye bati la kuteremshia, watu hupiga kelele na kutafuta nyundo, lakini baba yake huwaambia waache, wanywe chai, litajiondoa lenyewe.

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka.

Kitu kinachokwama, kisha kinajiondoa chenyewe.

Sikusikia sehemu iliyobaki ya somo. Nimetafuna penseli mpaka rangi imeisha.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimemwambia Baba. Alikuwa akinoa tezo mlangoni.

"Barafu?" alisema. "Nekesa, unataka nililishe bomba aisikrimu?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Niliona aibu, lakini sikuondoka. Nilisema, ikisukumwa na maji itakwangua tope. Ikikwama itayeyuka. Hakuna wa kuchimba. Baba aliendelea kunoa. Baadaye niliona tezo limelala magotini na mkono umesimama.

"Itaisha kabla ya kufika," alisema. Hakuwa akinitania tena. Alikuwa akibishana nami kama anavyobishana na mafundi wenzake. Nimefurahi kupita kiasi. Sijui nifanye nini na miguu yangu. Nimeizunguka nyumba bila sababu.

Jumanne, 9 Oktoba

Mambo yanakwenda upesi. Baba alimwambia Mwalimu Njoroge, naye akaruka. Alisema aliwahi kusikia chuoni kwamba katika mabomba ya mafuta kule ng'ambo huingizwa kitu cha kukwangua, na mafundi wa huko hukiita nguruwe kwa jinsi kinavyolia kikipita. Vingine hutengenezwa kwa kitu kinachoyeyuka, visije vikaziba. Kwa hiyo wazo langu si la kitoto. Kuna watu wazima wanaolifanya.

Mzee Juma alisikia habari hiyo akiwa na sufuria mkononi.

"Nguruwe? Kwenye maji yangu ya kupikia? Fundi, mimi na wewe tumeishi vizuri miaka yote hii."

"Ni barafu, Mzee."

"Basi iite barafu!"

Tunaiita barafu.

Mwalimu Mkuu amekubali. Harjit aliruhusiwa kumpigia baba yake kwa simu ya ofisini. Aliongea Kipunjabi kwa sauti ya juu sana, kisha akageuka na kusema, "Papa-ji anauliza bomba lina unene gani." Baba amempelekea vipande vya bomba vya kugandishia maji, vilivyozibwa upande mmoja, vyembamba kidogo kuliko vilivyo ardhini. Lori la unga litaileta barafu.

Usomaji wa jioni haukuingia kichwani. Nimesoma ukurasa mmoja tena na tena. Afisa wa elimu, sakitu, barafu, Bungoma.

Ijumaa, 12 Oktoba

Leo.

Barafu ilifika imefukiwa katika makapi ya ngano na kufunikwa magunia, kila pande refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mwalimu Njoroge alitupeleka kidato cha tatu wote kama somo. Tulisimama chini, kwenye mdomo wa bomba karibu na tangi. Baba alikuwa juu kwenye chemchemi na lile rundo. Aliingiza pande la kwanza, akakaza boliti, akafungulia koki. Mtu alipeperusha shati jekundu kutuonyesha.

Tulingoja. Harjit alinishika kidole kimoja, si mkono, kidole tu.

Kwanza upepo. Kisha bomba lilitapika. Tope jekundu, zito, likaruka hadi kwenye sketi zetu. Wasichana walipiga mayowe. Kisha maji mekundu, kisha ya rangi ya chai, na mwishoni kabisa kikadondoka kipande cha barafu, kidogo kama yai, kikiwa kichafu kama kiazi. Mwalimu Njoroge alikishika juu kama kombe. Maji yalikuwa yanatoka kwa unene wa vidole viwili.

Vidole viwili! Nilipima mwenyewe.

Pande la pili liliingia mchana. Shati jekundu likapeperushwa. Tukangoja. Upepo haukuja. Kisha maji yenyewe yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone.

"Imekwama," alisema Mwalimu Njoroge, na akatabasamu. "Vizuri. Sasa mtaona uzuri wake. Ni barafu. Jioni itakuwa maji."

Jioni imefika. Matone.

Jumamosi, 13 Oktoba

Asubuhi, matone. Mchana, matone. Mwalimu Njoroge ameacha kutabasamu. Amepiga hesabu zake upya kwenye ukuta wa tangi kwa chaki. Anasema haiwezekani, barafu haiwezi kukaa ardhini muda wote huu.

Sasa hali ni mbaya kuliko tulipoanza. Zamani kulikuwa na uzi wa maji ya jikoni. Leo hata huo hakuna. Msichana mmoja wa kidato cha nne aliniambia nikiwa kwenye foleni ya uji, "Mwambie baba yako atuletee na chupa za soda, barafu tunayo." Wote walicheka.

Baba hakuja kula. Mama alifunika ugali wake kwa sahani.

Jumapili, 14 Oktoba

Nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani baada ya ibada. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Mama alisema, "Mwambie na mtoto." Baba alisema:

"Niliivisha koti."

Sikuelewa. Alieleza akitazama sakafu. Aliposikia la kwanza limefika dogo kama yai, aliona la pili litaisha njiani na kazi itakuwa bure. Akachukua gunia lililoifunika ndani ya lori, akalikata, akalizungushia barafu, akafunga kwa kamba ya katani. Fundo lake lile la kufungia ndama. Alifikiri gunia litaitunza mpaka ifike.

Barafu imeondoka kama ilivyotakiwa. Gunia haliwezi kuondoka.

Nilikasirika. Naandika ukweli, nilimkasirikia Baba. Lengo zima lilikuwa kwamba iyeyuke. Ndiyo maana yake. Yeye akaogopa kuyeyuka kwake, akaizuia. Kisha nikatazama mikono yake, nikaona imepasuka kwa baridi ya barafu, na hasira ikaniishia bila mimi kutaka.

Kesho atamwambia Mwalimu Mkuu mwenyewe. Mama alimwambia anyamaze, aseme tu imekwama. Baba alisema, "Yule kijana anapiga hesabu ukutani akidhani amekosea. Nimwache ajione mjinga?"

Jumatatu, 15 Oktoba

Amesema. Niliwaona kupitia dirisha la darasa, Baba amesimama na kofia yake, Mwalimu Mkuu ameketi. Sikusikia kitu. Kisha wakatoka pamoja, wakaingia kwenye gari, wakaenda kwa Bwana Gitau.

Bwana Gitau aliwapa chai. Kisha aliwatoa nje akawaonyesha ngano. Baba anasema imeinama kwa uzito, ukipitisha mkono juu yake inasikika kama karatasi. "Fundi," alimwambia, "hata ungekuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Jembe, hapana." Lakini amekubali kitu kimoja. Watu wawili wanaweza kupita kwenye alama za gurudumu la trekta, mmoja nyuma ya mwingine, mikono mitupu. Kusikiliza bomba tu.

Mwalimu Njoroge ameufuta ukuta wa tangi. Hakumsema Baba vibaya. Alisema tu kwamba barafu ndiyo imetufikisha hapa na hataki kuisikia tena. Ataandika kuomba lori la maji kutoka Nakuru. Lori la maji halitamridhisha afisa. Kila mtu anajua.

Jioni nilimpelekea Baba maji ya kunawa. Nilimwuliza kile nilichokuwa nacho kichwani tangu asubuhi. Gunia sasa liko peke yake mle ndani? Halina kitu tumboni?

"Halina. Ni kitambaa tu kimejikunja."

"Basi mbona maji hayalisukumi?"

"Maji yanachujika katikati yake. Hayana pa kushika. Kingekuwa kitu kilichojaza bomba kinalisukuma kwa nyuma..."

Tukatazamana, na nadhani sote wawili tuliogopa kulitaja kwanza.

"Mwalimu hatakubali," alisema.

"Ikikwama, itayeyuka," nilisema. "Isipovaa kitu."

Ijumaa, 19 Oktoba

Sina nguvu lakini lazima niandike.

Baba ndiye aliyemwomba Mwalimu Njoroge, na Mwalimu Njoroge alikataa, akaenda, akarudi, akasema, "Mara moja tu." Harjit akapiga simu tena. Safari hii Mzee Singh, baba yake, alikuja mwenyewe na lori lake, kilemba cha buluu, mikono mipana kama sinia. Harjit alikuwa amemsimulia habari za gunia kwenye simu; alitazama mikono ya Baba, akatikisa kichwa. Alipokwisha kushusha barafu, aliyakusanya magunia yote, akayaweka juu ya jiwe, akayakalia.

"Fundi, haya nitayatunza mimi," alisema. "Leo barafu inaenda uchi."

Hata Baba alicheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Nilikuwa juu safari hii, kwa sababu nilimwomba Mwalimu Njoroge na hakuwa na nguvu za kukataa. Niliona barafu ikiingia. Inang'aa, inatoa moshi wa baridi, ndani yake kuna viputo vimesimama. Baba aliishika kama anavyomshika mtoto mchanga wa jirani. Mkono wake mmoja ulibaki juu yake kidogo zaidi ya ulivyohitajika. Kisha akaiachia.

Koki. Halafu Baba na Mwalimu Njoroge wakaingia kwenye ngano, mmoja nyuma ya mwingine. Mlinzi wa Bwana Gitau aliwapekua kwanza. Walichokuwa nacho ni fimbo moja ya chuma, ambayo mlinzi aliigeuzageuza na kuikubali. Baba huisimamisha juu ya bomba na kuweka sikio kwenye ncha. Kutoka juu niliona vichwa vyao tu. Wanasimama. Wanainama. Wanasogea. Nilihesabu pumzi zangu nikaacha kwa sababu zilikuwa zinanikimbia.

Walisimama mahali pamoja muda mrefu mno. Nilijua. Pande la barafu limefika penye gunia. Mzee Singh alitoa chupa ya chai koti mwake, akanimiminia kwenye kifuniko. "Kunywa," alisema. "Sasa hakuna kazi nyingine." Chai ilikuwa na tangawizi.

Kisha Baba aliinua mkono wenye fimbo juu ya ngano. Akasogea. Akasogea tena. Akawa anatembea, halafu anatembea upesi, Mwalimu Njoroge nyuma yake, na mlinzi akipiga kelele kwamba hawakuruhusiwa kukimbia.

Mimi niliruhusiwa. Nilizunguka shamba lote kwa nje. Nilifika tangini bila kiatu kimoja.

Harjit anasema bomba lilinguruma kwanza. Mimi nilifika linapotapika. Lilitoka tope jeusi, likatoka gunia. Liliruka likaanguka kwenye majani kama mnyama aliyezama, refu, limesokoteka, na kamba ya katani bado imelizunguka. Fundo la Baba lilikuwa bado limekaza. Nyuma yake vipande vya barafu, kisha maji, mekundu, ya rangi ya chai, yakazidi kunenepa.

Baba alifika akihema. Hakuyatazama maji. Alilitazama gunia.

Mapande yaliyobaki yameingia mchana kutwa, moja baada ya jingine. Yote uchi. La mwisho lilifika kubwa kama mkate, likiwa safi.

Jumatatu, 29 Oktoba

Afisa wa elimu amekuja. Alifungua mfereji wa jikoni, wa bwenini, wa maabara. Mzee Juma alimfuata kila mahali akiwa ameshika glasi ili amlazimishe kunywa. Alikunywa. Akaomba ya pili.

Mwalimu Mkuu alitusomea taarifa kwenye gwaride la jioni. Shule haifungwi, na kuanzia kesho hakuna tena kwenda mtoni. Aliwashukuru Mzee Singh, Bwana Gitau na Mwalimu Njoroge. Kisha alimtaja Baba kwa jina lake lote, na wasichana wa kidato cha nne ndio walioanza kupiga makofi. Yule wa chupa za soda alipiga kwa nguvu kuliko wote. Sijui nimsamehe leo au kesho.

Sikusikia akinitaja, na sikutarajia. Lakini Mwalimu Njoroge ameniambia nibaki na kitabu chake cha fizikia cha chuo mpaka mwisho wa muhula. Ni kizito. Sielewi hata nusu yake. Nimekisoma hadi maneno yakaanza kutembea.

Jumanne, 30 Oktoba

Niliamka kabla ya kengele. Nilichukua ndoo, nikatoka, nikafika kwenye mwerezi kabla sijakumbuka.

Kulikuwa na baridi na hakuna mtu. Kutoka pale ninaliona tangi na nyumba yetu. Lile gunia limetundikwa kwenye uzio wa nyumba. Mama amelifua. Baba hataki litupwe, wala hasemi kwa nini. Sakitu ilikuwa imeligandisha, likasimama lenyewe kama ubao.

Maji yalikuwa yanasikika yakiingia tangini. Mfululizo, bila kukohoa.

Baba alitoka mlangoni, akaniona, akaona ndoo. Aliinua mkono, akarudi ndani.

Niliipindua ndoo, nikaikalia, nikafungua kitabu.